Mafuta ya nazi ya Tanga katika baridi ya Njombe

Swali: Msomaji aliyezaliwa na kukulia Tanga, ambaye sasa anafundisha Njombe, anasema kwamba tangu utotoni amejipaka mafuta ya nazi peke yake na ngozi yake haikuwahi kumsumbua. Tangu ahamie Njombe, miguu na mikono yake inapauka kabla ya saa sita mchana, ingawa mama yake anaendelea kumtumia mafuta yale yale anayoyapika nyumbani. Mtoto wake wa miezi minane ameelezwa zahanati kuwa ana pumu ya ngozi. Jirani amemwonya kwamba mafuta ya nazi yanaziba ngozi, na yeye mwenyewe ameanza kuona chunusi kwenye paji la uso. Anauliza iwapo aendelee kuyatumia au ayaache, na kama mtoto naye anaweza kupakwa.

Jibu:

Dada yangu, usiyatupe mafuta ya mama. Kwa ngozi yako ya mwili endelea nayo, ila ubadilishe wakati na namna ya kujipaka, na katika miezi ya baridi uyaongezee kitu kingine. Mtoto anaweza kupakwa sehemu ambazo ngozi haijachubuka, mradi mafuta yawe safi na yasichukue nafasi ya dawa aliyoandikiwa. Usoni, yaache. Kila moja ya majibu haya ina sababu yake, na nitakaa zaidi kwenye la kwanza kwa kuwa ndilo linaloeleza kilichobadilika ulipopanda Njombe.

Tabaka la nje kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa zilizobanana, na katikati ya seli hizo mna mafuta ya asili yanayotengenezwa na mwili wenyewe, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mchanganyiko huo ndio unaozuia maji ya mwilini yasitoroke hewani. Tabaka hilo likipungukiwa na maji, kingo za seli hunyanyuka na kuanza kubanduka, mwanga unaoangukia hapo hutawanyika, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaona ule weupe wa kijivu tunaouita kupauka. Kilichopungua hapo ni maji, na mafuta ya nazi yaliyopikwa vizuri hayana maji. Yanachofanya ni kujaza mianya kati ya seli zilizonyanyuka, ndiyo maana ngozi hulainika na kung'aa papo hapo, na kisha kuweka utando mwembamba unaopunguza kasi ya maji kutoka. Utando huo ni kama kifuniko cha sufuria: unazuia mvuke usitoke, lakini hauongezi maji yaliyomo ndani.

Tena kifuniko chenyewe ni chepesi. Katika vipimo vya maabara mafuta ya mgando, yale yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, yakipakwa vizuri huzuia karibu maji yote yasipotee kupitia ngozini, ilhali mafuta mengi ya mimea hupunguza sehemu tu ya upotevu huo. Ukiwa Tanga hili halikukuathiri. Hewa ya pwani imejaa unyevu karibu mwaka mzima, mwili unatoa jasho, na jasho hilo huacha juu ya ngozi chumvichumvi na yurea ambazo nazo hushika maji. Ngozi inayoishi katika hali hiyo hupoteza maji polepole, kwa hiyo kifuniko chepesi kinaitosha.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali, na hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ikiingia ndani ya nyumba na kupashwa moto na jiko la mkaa inakuwa kavu zaidi na kuanza kuvuta maji popote inapoyapata, ikiwemo kwenye miguu ya mtu anayeota moto. Kwa sababu ya baridi hiyo hiyo mtu huoga maji ya moto sana na kukaa nayo muda mrefu, na maji ya moto huyayeyusha na kuyaondoa yale mafuta ya asili yaliyo kati ya seli. Mafuta anayokutumia mama hayajabadilika hata kidogo. Yamepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake.

Kuna mhusika mwingine ambaye barua yako haikumtaja, naye ni sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo, kiasi cha 5 kwa kipimo cha pH (chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni kinyume chake), ilhali sabuni nyingi za mche na za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Kila unapojisugua nazo mwili mzima, hasa kwa maji ya moto, unaiondolea ngozi kinga yake kwa saa kadhaa. Nikuongezee jambo ambalo huwashangaza wengi: mafuta ya nazi yakigeuzwa kuwa sabuni huwa miongoni mwa sabuni zinazokausha zaidi, kwa sababu asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta hayo, hutoa sabuni yenye povu jingi na nguvu kubwa ya kuondoa mafuta. Kwa hiyo kununua sabuni iliyoandikwa nazi kwa kudhani kwamba itafanya kazi ya mafuta ya nazi ni kujipotosha. Tumia sabuni laini isiyo na manukato makali, na uitumie pale panapohitaji tu, yaani kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono na mapaja, kama hukuchafuka, yanatosheka na maji ya uvuguvugu.

Sasa namna ya kujipaka. Nadhani unaoga alfajiri, unajifuta mpaka unakauka kabisa, unavaa nusu, unaandaa chai, unamshughulikia mtoto, kisha ndipo unajipaka ukiwa unatoka kwenda shuleni. Kama ndivyo, unafunika sufuria ambayo maji yake yameshaondoka. Ngozi huwa na maji mengi zaidi katika dakika chache za mwanzo baada ya kuoga. Jifute kwa kugusagusa taulo bila kusugua, ngozi ibaki na unyevunyevu, na ndani ya dakika tatu hivi upake mafuta kiasi, kwanza miguu na mikono, kisha sehemu nyingine. Kijiko kimoja cha chakula kinamtosha mtu mzima kwa mwili wote. Ukizidisha, ziada itaishia kwenye nguo na mashuka. Rudia usiku kabla ya kulala, baada ya kulowesha miguu na mikono kwa maji kidogo.

Katika miezi ya baridi hata hatua hiyo huenda isitoshe, na hapo ndipo panapohitaji nyongeza. Unaweza kununua gliserini duka la dawa na kuichanganya na maji safi, sehemu moja kwa sehemu tatu au nne, ukapaka mchanganyiko huo kwanza kisha mafuta ya nazi juu yake. Gliserini hushika maji na kuyaweka kwenye tabaka la juu, na mafuta huyafunika. Usiipake tupu kama ilivyo kwenye chupa, kwa sababu penye hewa kavu itayavuta maji kutoka ndani ya ngozi badala ya kuyavuta kutoka hewani, na tena huacha hali ya kunata isiyopendeza. Tengeneza kidogo cha kutumia siku hiyo, maana mchanganyiko wenye maji usio na kihifadhi huota vijidudu haraka. Kwa miguu na visigino, paka mafuta ya mgando usiku na uvae soksi. Visigino vikiwa na magaga, krimu yenye yurea asilimia 10 itakusaidia kuliko mafuta ya aina yoyote, kwa kuwa yurea hulainisha ngozi ngumu na kushika maji kwa pamoja. Itawasha ikiingia kwenye mipasuko iliyo wazi, na mtoto asipakwe.

Huenda mafuta ya mama yamekuwa yakiganda na kuwa meupe tangu uhamie huko, ukashuku kwamba yameharibika. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na Njombe hilo ni jambo la kila siku. Hayajapungua ubora. Yachote kwa kijiko kikavu na kuyasugua viganjani, joto la mwili litayayeyusha. Au uzamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Kuyapasha jikoni kila asubuhi ndiko kunakoyaharibu.

Tukija kwa mtoto, hapa utafiti upo na ni vyema uelewe unasema nini. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino waliwapaka watu wazima 34 wenye ngozi kavu mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani au mafuta ya madini, yaani mafuta ya maji yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, kwa wiki mbili, na makundi yote mawili yakapata nafuu inayolingana. Mwaka 2014, huko huko Ufilipino, watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya kiwango kidogo hadi cha wastani walipakwa moja ya mafuta hayo mawili kwa wiki nane. Safari hii waliopakwa ya nazi walifanya vizuri zaidi: alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kwa wastani wa asilimia 68, dhidi ya asilimia 38 kwa wenzao, na maji yaliyopotea kupitia ngozini yalipungua zaidi pia. Mimi huwaeleza wazazi matokeo hayo kwa moyo mweupe, lakini naongeza angalizo ambalo kwako lina uzito wa pekee: Ufilipino ni visiwa vya joto na unyevu. Hali yake ya hewa inafanana na ya Tanga, si na ya Njombe.

Sababu moja inayotajwa kueleza matokeo hayo ni kwamba ngozi yenye pumu ya ngozi hukaliwa na bakteria aina ya stafilokokasi, na mafuta ya nazi yalionekana kuwapunguza kwa watu wazima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kuliko mafuta ya zeituni yalivyofanya. Asidi ya lauriki ikiwa huru huua bakteria hao maabara. Ndani ya chupa, hata hivyo, asidi hiyo haiko huru. Imefungamana na gliserini kama sehemu ya mafuta, na ni kiasi tu kinachofunguliwa na vimeng'enya vya ngozini. Kwa hiyo ukisikia mtu anayaita mafuta ya nazi antibayotiki, tambua kwamba amevuka mpaka. Ngozi ya mtoto ikianza kutoa majimaji, kuweka magamba ya rangi ya asali, kuvimba au kuwa na usaha, au mtoto akipata homa, imeshambuliwa na anahitaji dawa siku hiyo hiyo. Wala usipake mafuta yoyote ya nyumbani juu ya kidonda.

Kama ngozi yake imekauka tu na kuwa na vipele na mikwaruzo midogo, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, bila dodoki, bila sabuni ya kufulia. Mfute kwa kugusagusa. Ikiwa daktari amemwandikia krimu ya haidrokotisoni, ipakwe nyembamba kwanza kwenye mabaka, usubiri kama nusu saa, kisha upake mafuta ya nazi mwili mzima isipokuwa palipochubuka. Rudia mafuta mara mbili au tatu kwa siku. Siku za mwanzo mjaribu sehemu ndogo ya mkono, siku mbili au tatu mfululizo, ili uone kama hapati wekundu au kuwashwa zaidi. Mzio wa nazi ni nadra, lakini mafuta ya kupikwa nyumbani yanaweza kubaki na chembechembe za protini za nazi yenyewe, na tunajua kutokana na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 juu ya krimu zenye mafuta ya karanga kwamba chakula kinachoingia kupitia ngozi yenye vidonda kinaweza kuufundisha mwili wa mtoto kukikataa. Hilo ni suala la karanga, halijathibitishwa kwa nazi. Lakini linatosha kunifanya nisisitize uchujaji mzuri. Miezi ya baridi ikizidi na mabaka yasitulie, badilisha uende kwenye mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayana harufu tamu ya nazi, lakini kwa mtoto wa Njombe mwenye pumu ya ngozi ndiyo ningeyachagua mimi kwanza.

Wakati huo huo, mtoto aliyepakwa mafuta asiwekwe karibu na jiko, na nguo, mashuka na blanketi zilizolowa mafuta zifuliwe kwa maji ya moto mara kwa mara. Kitambaa chenye mafuta kikishika moto huwaka kwa kasi kubwa kuliko kikavu, na kufua huyapunguza mafuta hayo bila kuyamaliza yote.

Kuhusu uso, jirani yako amesema kweli nusu. Mwilini mafuta ya nazi hayaizuii ngozi kufanya kazi zake. Usoni, kifuani na mgongoni, penye tezi nyingi za mafuta, hali ni tofauti: yanaweza kuziba vitundu vya vinyweleo na kuleta chunusi kwa mtu mwenye mwelekeo huo. Majedwali yanayozunguka mitandaoni yakiyapa alama 4 kati ya 5 kwa kuziba yalitokana zaidi na majaribio kwenye masikio ya sungura, ambayo ni mepesi kuathirika kuliko ngozi ya binadamu, kwa hiyo siyapi uzito mkubwa. Ninachokipa uzito ni paji lako la uso. Chunusi za paji la uso kwa mtu anayepaka mafuta mengi kichwani na kuyaacha yatiririke ni jambo lililoelezwa na madaktari wa ngozi tangu mwaka 1970. Acha kuyapaka usoni, na ukipaka nywele usisogeze mafuta karibu na ukingo wa nywele; ipe ngozi wiki sita hadi nane. Kama una mabaka meupe au ya kahawia yenye mba kifuani au shingoni, hapo pia usipake, kwa sababu fangasi wa jamii ya hamira wanaoishi ngozini, ambao ndio huyaleta, hujilisha asidi za mafuta kama ile ya lauriki.

Mafuta ya nazi hayakingi jua kwa kiwango cha maana, na kadiri unavyopanda milima ndivyo miale inayounguza inavyoongezeka, hata siku ya baridi. Nalisema hili kwa sababu wewe ni mwalimu. Ukiwa na mwanafunzi mwenye ualbino anayepakwa mafuta ya nazi kama kinga, waeleze wazazi wake waziwazi kwamba hayamkingi, na uwaelekeze kwenye losheni maalumu ya jua kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Limebaki suala la mafuta yenyewe. Hayo ya mama, anayekuna nazi, akakamua tui na kulipika mpaka mafuta yajitenge, yanaweza kuwa bora kuliko mengi ya sokoni ikiwa maji yote yametoka. Adui wake ni maji yaliyobaki: ndiyo yanayoyavunja mafuta na kuleta harufu ya kuchacha. Mwombe aendelee kupika kwa moto mdogo hadi mlio wa kuchemka utulie na mashapo yawe ya rangi ya kahawia isiyoungua, ayachuje kwa kitambaa safi na kikavu mara mbili, ayaache yapoe kabisa kabla ya kufunga, na atumie chupa zilizokauka, ndogondogo, ili usifungue moja kwa miezi mingi. Weka kabatini, mbali na mwanga. Yakinuka uchachu au kuwasha koo ukiyaonja, yatumie kwa bawaba za milango.

Mafuta ya mbata yaliyosafishwa kiwandani nayo yanafaa kwa ngozi, hata kama hayana harufu. Tatizo la sokoni ni kuchanganywa. Wengi hupima kwa kuweka chupa kwenye friji, na kweli mafuta yasiyoganda kabisa humo si ya nazi. Lakini mafuta ya mawese yaliyosafishwa nayo huganda kwenye baridi, kwa hiyo kuganda peke yake hakuthibitishi kitu. Nunua kwa mtu unayemfahamu, au chupa yenye nembo ya TBS na tarehe. Usikubali mafuta ya nazi yaliyotiwa krimu ya kung'arisha, kwa sababu mikorogo ya namna hiyo mara nyingi ina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na mtu akianza nayo ngozi huwa nyembamba na kavu kuliko alivyoanza. Na kama mama huweka karafuu, mdalasini au maganda ya limau ili yanukie, mwambie akutengee chupa yako na ya mtoto bila viungo. Singo, ule mchanganyiko wa pwani wa kujisugua mwilini, na manukato yake ni ya mtu mzima mwenye ngozi nzima. Mdalasini na karafuu ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi, na limau likikutana na jua linaweza kuacha madoa meusi yanayokaa muda mrefu.

Fuata utaratibu huu kwa wiki mbili. Kupauka kusipopungua, nenda hospitali upimwe sukari na tezi ya shingo, hasa kama umekuwa ukihisi uchovu au baridi isiyo ya kawaida, kwa kuwa ukavu wa ngozi unaweza kuanzia huko. Kwa mtoto, chunguza jambo moja kabla ya yote: kama anakuna zaidi usiku, ana vipele kwenye viganja na nyayo, na wewe au mtu mwingine nyumbani ameanza kuwashwa pia, huenda ni upele wa kuambukiza na si pumu ya ngozi. Huo una dawa yake, inayopakwa na familia nzima siku moja pamoja na kufua mashuka yote, na mafuta ya nazi hayawezi kuuondoa.